Vifungo vya Nchi Tatu

Katika soko letu la Butembo, mashariki mwa Kongo, hakuna aliyethubutu kukata mkanda wa balo ya nguo kabla mzee mmoja hajaikalia. Nasema kuikalia, kwa makalio, kama mtu anayekaa kwenye benchi la kanisa. Alikaa, akanyamaza, akasikiliza inavyobonyea chini yake. Kisha aliinama akanusa mshono wa gunia, akaligonga kwa kifundo cha kidole, na hapo ndipo alipotoa hukumu.

"Masuruali ya banaume," alisema kwa Kiswahili chetu cha Kongo, ambacho lakini yake ni mais na basi yake ni donc. "Ya inchi ya baridi. Pale juu bidudu bilishakula, mais chini iko muzuri."

Balo ilifunguliwa, na ikawa hivyo hivyo. Wafanyabiashara walioleta mitumba kupitia mpaka wa Kasindi walimwamini kuliko karatasi za forodha, maana karatasi iliweza kuandika blanketi na ndani mkakuta sidiria za wazungu, tena zilizochakaa. Tulimwita Msomaji wa Balo. Lilikuwa jina la utani pia, kwa sababu kusoma kwenyewe kulimpa shida. Kwenye misa alifuata herufi kwa kidole, na padri alipofika kwenye Amina yeye alikuwa bado anatafuta mwanzo wa sala.

Cherehani yangu ilikuwa hatua mbili kutoka meza yake. Miaka kumi na moja tulikaa hivyo, yeye akisoma, mimi nikipunguza viuno na kufupisha mikono, kwa sababu wazungu wana mikono mirefu ya ajabu. Tuligombana karibu kila siku. Alisema mshono wangu unakimbia kama mbuzi aliyeona mvua. Nilimjibu kwamba mdomo wake unahitaji mkanda kuliko balo zake. Siku ambayo hatukugombana, majirani waliuliza nani amefiwa.

Alikuwa na majivuno. Yeye aliyevisha nusu ya mji nguo za mitumba hakuwahi kuvaa hata soksi ya mtumba. Mashati yake niliyashona mimi, kitambaa kipya, na alifunga vifungo vyote mpaka shingoni hata jua likiwaka. "Bale balivaaka hizi manguo, mi nabajua," alisema. "Nilishabanusa." Alikwenda misa ya kwanza kila Jumapili na akasinzia kila mahubiri. Alilaani walevi, halafu akanywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kwa ajili ya kifua, na kifua chake kilikuwa kizima kuliko cha ng'ombe. Na alikuwa bahili wa sifa. Katika miaka kumi na moja alinisifu mara moja tu, na hapo alikuwa anaongea na mtu mwingine.

Lakini hakudanganya. Hapo hata waliomchukia walimpa haki yake. Shemeji yake, kaka wa marehemu mke wake, alileta balo iliyooza akamwomba kwa jicho aseme ni nzuri, mbele ya mnunuzi aliyetoka Lubero. Msomaji aliikalia, akanusa, akasema, "Hii ni ya kutupa." Shemeji huyo alizikwa bila kumsalimia tena. Nilimuuliza kama haikumuuma.

"Iliniuma sana," alisema. "Mais kama nadanganya mara moja tu, kesho nikikala juu ya balo, ni matako tu inakala."

Nilicheka mpaka sindano ikaniponyoka. Leo sicheki nikiikumbuka.

Alikuwa na redio ndogo iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, na habari za saa sita mchana hazikumpita. Ajabu yake ni kwamba hakutafuta habari za kwetu. Vita vya pili vya Kongo vilikuwa vimeshika. Beni kulikuwa na jeshi la wageni na waasi wao, na njiani kila kilima kilikuwa na kizuizi chake na bwana wake. Watu walitaka kujua nani ameshika wapi. Yeye alitafuta Ulaya. "Bya kwetu nabionaka na macho," alisema. "Bya kule njo binatoka mu balo. Lazima nijue kule banavua nini."

Siku moja redio ikasema kwamba nchi tatu, Poloni, Hungaria na Cheki, zilizokuwa chini ya wakomunisti, zimepokelewa katika muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi. Tulisikia muziki wa tarumbeta na watu wakipiga makofi. Muuza chumvi wa upande wa pili akamwomba atafute muziki wa maana. Msomaji alizima redio, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katikati ya habari.

"Mutu akitupa kitu," alisema, "muulize amepata nini."

"Nani ametupa?" muuza chumvi akauliza.

"Batatupa. Bale balikuwaka na bunduki ya bakomunisti. Sasa balioleka mu nyumba ya batajiri. Kule bunduki ni aina ingine, na masasi ni ingine. Donc bile bya zamani, batabipeleka wapi?"

"Batabiyeyusha, Tata," akasema, maana wote tulimwita Tata, yaani baba.

"Wewe ulishaona muzungu anayeyusha suruali?"

Soko zima lilicheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Tulimtania wiki nzima, tukimuuliza kama Poloni imeshavua chupi. Alikunja uso, akakaa juu ya balo zake.

Haikupita miezi mingi, zikaja balo ambazo vijana wanne walishindwa kuzishusha. Msomaji alikaa juu ya moja, akainuka mara hiyo hiyo kama aliyekalia mwiba. Hakunusa. Hakugonga. "Makoti ya baaskari," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. Mkanda ulipokatwa tuliona sufu nene, ya kijivu na ya kahawia, ikinuka naftalini ya ghala. Makoti ya kufika chini ya magoti, na vifungo vya madini vilivyong'aa. Vingine vilikuwa na ndege aliyetandaza mabawa, vingine simba, vingine nyota tupu. Alivishika kimoja kimoja.

"Manguo inatangulia," alisema. "Benyewe bako nyuma."

Hapo mtu angetarajia aamuru zirudishwe Kasindi. Alisema hivyo, ndiyo, jioni ile. Asubuhi iliyofuata, ukungu ukiwa umelala juu ya mji na watu wakipuliza viganja, nilimkuta anauza koti la tatu. Nilimwambia, Tata, na unabii wako umeupeleka wapi? Akaniambia baridi haina siasa. Alikuwa na aibu, nilimjua. Masikio yake yalikuwa yamesimama. Tulikuwa watu wa mlimani, tulikuwa na baridi, na makoti yalikuwa mazuri. Sitamhukumu, kwa sababu mimi ndiye niliyeyafupisha.

Aliweka sheria moja tu: hakuna koti litakalotoka mezani na vifungo vyake. Askari wa kizuizini, alisema, anaona kifungo kabla hajaona uso. Basi nilivikata vyote, nikashona vya plastiki, na vile vya madini nikavitia katika kopo la maziwa ya unga chini ya cherehani yangu. Lilipojaa nilikuwa nalisukuma kwa mguu, na liliposhtuka lilitoa sauti ambayo sikuipenda. Niliogopa lile kopo. Sikumwambia.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Mume wangu Kambale alikuwa msemaji wa ukoo wao. Mtoto wa dada yake alitaka kuoa msichana wa Luofu, na ni Kambale aliyepaswa kwenda kusimama mbele ya wazee wa kule kuzungumza mbuzi wa mahari. Kwetu msemaji hupimwa kabla hajafungua kinywa. Wanamtazama viatu, wanamtazama koti, na kwa mtazamo huo wanaongeza au kupunguza. Kambale alivaa koti lake la sufu, tulilonunua mezani kwa Msomaji, akajitazama, akashika vifungo vya plastiki.

"Mama Masika, na hivi vifungo bya batoto, bataniongezea mbuzi tatu," alisema. "Nirudishie bile bya ndege."

"Musomaji alikataza."

"Musomaji ataenda kulipa mbuzi?"

Nililitoa kopo. Nilichagua vifungo sita vya ndege, nikavisugua kwa majivu mpaka mabawa yakang'aa, nikavishona kwa uzi wa mara mbili. Nilifanya hivyo nyumbani, si sokoni, ili Msomaji asione. Kambale aliposimama mlangoni nilimwona kama gavana. Nilijivunia mume wangu, sitalificha hilo.

Luofu walimpokea kwa heshima kubwa, na mbuzi walipunguzwa. Aliimba njia nzima ya kurudi, hivyo ndivyo mpwa wake alivyotuambia. Kwenye kizuizi cha mwisho askari mmoja alimshika koti kifuani, akageuza kifungo kwenye mwanga, akamwita mwenzake. Wakauliza hilo ni jeshi gani. Kambale akasema ni mitumba. Wakacheka. Wakamwambia jeshi lenye ndege kifuani si la mitumba, wakampandisha kwenye gari la kwenda Beni, na mpwa akaachwa barabarani na kamba za mbuzi mkononi.

Nilikwenda kwa Msomaji nikiwa na kopo. Alilifungua, akatia mkono, akavipima vile vifungo kwenye kiganja kama mtu anayepima maharagwe. Alijua vimepungua.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi, Tata."

Nilisubiri anitukane. Nilitamani anitukane. Alinirudishia kopo, akafunga kifungo cha shingoni, akaenda kutafuta lori la kushuka Beni. Hakugombana nami siku ile, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

Yaliyotokea Beni nayajua kwa kinywa cha Kambale, aliyerudi siku ya nne, miguu mitupu, bila koti. Msomaji alimfuata komanda wa wale askari mpaka kwenye uwanja wa ndege. Alisema koti ni lake, aliliuza yeye, na kama wanataka anaweza kuwaambia lilitoka kwenye balo ya namna gani. Komanda akauliza mzee huyu anajuaje. Akaeleza kazi yake. Komanda akawachukua yeye na Kambale mpaka kwenye ghala la mabati.

Ndani mlikuwa na masanduku ya mbao ya rangi ya kijani. Nje, chini ya bawa la ndege yenye tumbo kubwa, warubani wazungu wenye shingo nyekundu walikuwa wanakula ndizi. Komanda alikuwa na hasira: masanduku mengine yalikuwa na masasi yasiyolia, na maandishi yote yalikuwa yamekwanguliwa, hivyo hakujua akubali lipi na akatae lipi. Msomaji akakaa juu ya sanduku la kwanza. Akasikiliza. Akanusa mbao, akagonga, akapitisha kidole kwenye vichwa vya misumari.

"Hii iliona maji," alisema. "Hii hapana. Hii na ile ni ndugu, misumari ni ya fundi mumoja."

Wakafungua. Ikawa hivyo hivyo. Komanda alicheka kwa furaha, akampiga Kambale begani, akamwambia nenda nyumbani. Kambale akageuka kumngoja mzee.

"Wewe unabakia," komanda alimwambia Msomaji.

Mlangoni aliruhusiwa maneno mawili na mume wangu. Kambale aliyaleta kama yalivyo: "Ambia bibi yako, manguo ilitangulia. Sasa benyewe balishafika."

Meza yake ilibaki wazi. Hakuna aliyeweka kitu juu yake, hata muuza chumvi ambaye kila siku alilalamika nafasi haimtoshi. Balo zilikatwa kwa kubahatisha na watu walikula hasara. Na bunduki zikaja mlimani. Kwanza tuliziona kwenye vizuizi, kisha kwa vijana waliosema wanalinda kijiji, kisha kwa vijana waliosema wanatulinda dhidi ya wale wa kwanza. Ziliingia mashambani kama mvua ya masika. Wazee wa ukwe mmoja kule Lubero waliomba mbuzi kumi na mbili na bunduki moja ya kulindia mbuzi. Watu walisimulia jambo hilo wakicheka, halafu kicheko kikaisha haraka. Mimi nilinunua redio. Kila saa sita nilitafuta Ulaya, na Kambale aliniacha; alijua namtafuta nani.

Miaka ikapita. Ilikuwa wakati wakubwa wanazungumza amani huko mbali, tukaanza kuamini kidogo. Mchana mmoja redio ikasema muungano ule umealika nchi nyingine, na zote za wakomunisti wa zamani. Walizitaja. Nilihesabu kwa vidole. Juma lile lile nilizungumza na Hadji, msafirishaji Mwislamu ambaye balo zake Msomaji alizisoma miaka mingi. Hadji hakuniuliza maswali. Alisema lori lake litashuka Beni na magunia matupu, na likirudi mtu mmoja mwembamba hataonekana kati ya magunia.

Beni kuna joto la kakao iliyoanikwa. Nilimkuta katika kata ya Beu, Hadji alikonielekeza, nyumba ya chumba kimoja aliyopewa na komanda, amekaa kwenye benchi uani. Nilimtambua kwa mgongo. Alikuwa amekonda, na shati lake, lile nililomshonea mimi, lilikuwa wazi shingoni. Vifungo viwili vya juu havikuwepo. Hapo ndipo nilipolia.

"Mama Masika," alisema. "Mushono wako ungali unakimbia?"

"Unakimbia kukufuata wewe, Tata. Nisamehe."

"Ya vifungo? Nilishasahau." Hakuwa amesahau. Niliweka kopo kwenye benchi, maana nilikuwa nimelileta bila kujua kwa nini, na aliligusa kabla ya kugusa mkono wangu.

Nilimwambia Hadji yuko karibu na soko, injini inawaka, tuondoke. Alitikisa kichwa, akaangalia mlango wa ua, akanisogelea.

"Mi nadanganyaka," alisema.

Sikumwelewa.

"Kila ndege ikikuya. Ya masanduku kumi, mbili ao tatu nasema: hii iliona maji, ni ya kutupa. Banachimba shimo, banazika. Na iko muzuri kabisa."

Mtu aliyemnyima shemeji yake neno moja la uongo alikuwa ameketi mbele yangu akiniambia kwamba amedanganya kwa miaka, sanduku kwa sanduku, na uso wake ulikuwa na majivuno yale yale ya zamani. Nilitaka kumkumbatia. Nilitaka pia kumtukana, kwa sababu niliogopa.

"Na bakijua?"

"Wiki iliyopita balichimbua moja."

"Halafu?"

"Balinyamaza."

"Basi twende sasa hivi!"

Alimimina vifungo kwenye benchi. Akavigawa polepole: ndege huku, simba huku, nyota huku. "Hawa ba Ulaya balikuwa batatu," alisema. "Nasikia sasa baliita bengine. Hapa sina radio. Ni ngapi?"

Nilitaka kudanganya. Kwa Msomaji sikuweza.

"Saba, Tata."

Alihesabu. Mkono mmoja ukaisha, akaongeza vidole viwili vya mkono wa pili, akabaki anavitazama. "Mi nikienda," alisema, "nani atakala juu ya bile bya hizo inchi saba?"

Nilichomoa sindano kwenye kitambaa changu cha kichwa ili angalau nimfunge shati. Nikanyosha mkono kwenye rundo. "Hapana hizo," alisema haraka. Basi nikakata kifungo cha mkono wa blauzi yangu, nikatia uzi.

Ndege ilipita juu ya mabati, chini sana, kuku wakatawanyika. Msomaji alifumba macho, akainamisha kichwa upande mmoja, na mimi nikasubiri hukumu kama nilivyoisubiri miaka kumi na moja.

"Iko nzito," alisema. "Iko nzito sana."

Honi ya pikipiki ikalia mlangoni. Alisimama, akachungulia kwenye ufa wa mlango, akarudi kuchukua kofia yake.

"Siku zote anakuyaka mumoja," alisema. "Leo ni babili."

Nilimshika mkono. Aliutoa kwa upole, akakusanya shati lake shingoni kwa kiganja, jinsi anavyofanya mtu asiyetaka kwenda mbele za watu kifua wazi. "Utamaliza nikirudi," akasema, akatoka, na nilisikia pikipiki mbili zikishika njia ya uwanja wa ndege.

Hadji alisubiri mpaka jua likawa chini, mzee bado hajarudi, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, tupande." Kopo nililiacha pale benchini. Kifungo changu ninacho mpaka leo, na ule uzi bado umo.